Alama 68 kwenye ALEKS, B kwenye Advance: kisa cha mwanafunzi wa PCM anayeanza hisabati Marekani

Binti amemaliza Form Six kwa tahasusi ya PCM, divisheni ya kwanza, B ya Advance (somo la Advanced Mathematics). Amepata nafasi katika chuo kikuu cha jimbo nchini Marekani, na kwenye fomu alijaza mchepuo wa hisabati bila kufafanua zaidi. Kati ya karatasi ya mwisho ya NECTA mwezi Mei na kufunguliwa kwa chuo Agosti ya mwaka uliofuata kumepita miezi 15: JKT, maombi, I-20 (fomu ya chuo ya kuombea viza), foleni ya viza. Muda wote huo daftari la hesabu halijafunguliwa. Mwezi Juni chuo kinamtumia kiungo cha ALEKS, mtihani wa mtandaoni wa kuwapangia wanafunzi kozi ya kuanzia. Anaufanya usiku kwa bando, anapata 68. Chuo hicho kimeweka mpaka wa Kalkulasi I kwenye 76, kwa hiyo mfumo wa usajili unamfungia kalkulasi yote na kumwachia Prikalkulasi, kozi ya maandalizi inayotangulia kalkulasi.

Kisa ni cha mfano, ila kila kipande chake kinafuata taratibu za kawaida za vyuo vya aina hiyo. Kuna maswali mawili ya kujibu: aanzie kozi ipi, na mchepuo wa hisabati wenyewe uwe wa namna gani? Watu wengi huyajibu kwa mpangilio huo. Sisi tunaona la pili ndilo linaloamua uzito wa la kwanza, lakini tuanze na 68, maana ndiyo inayomnyima usingizi.

Toleo la ALEKS linalotumika kupanga wanafunzi lina maswali yasiyozidi 30, na alama zake ni kati ya 0 na 100. Maswali hubadilika kufuatana na majibu: ukipatia, linalofuata linapanda, ukikosa, linashuka. Jambo ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi ni kwamba mtihani huu unaishia kwenye Prikalkulasi. Unapima hesabu za kawaida, aljebra, logarithimu, trigonometria na fanksheni. Hauna difrensiesheni wala integresheni. Hata angepata 100, jibu la juu kabisa ambalo ALEKS ingeweza kulitoa ni "yuko tayari kuanza Kalkulasi I". Kwa aliyehitimu sekondari ya Marekani bila kusoma kalkulasi, hicho ni kipimo kizuri. Kwa aliyekaa miaka miwili akisoma Advance, mtihani unakoma pale pale ujuzi wake mkubwa unapoanzia.

Mbona basi amepata 68 na si 90? Sababu haziko mbali. Amesahau vitu vidogo, kama vile kugawanya polinomia kwa polinomia, kanuni za logarithimu, na thamani za sine na kosine kwenye nyuzi maalumu ambazo Form Six huzisoma kwenye kikokotoo. ALEKS hutoa kikokotoo chake kwenye skrini kwa baadhi tu ya maswali. Majibu huandikwa kwa vibonye vya skrini, na mtu asiyevizoea huandika sehemu vibaya akahesabiwa amekosa. Majina nayo yanachanganya: mteremko wa mstari ambao darasani kwetu huitwa "gradienti", wao huuita "slope", na majibu ya kutokuwa sawa huandikwa kwa mabano ya vipindi, kama [2, 5), badala ya 2 ≤ x < 5. Tena kwa kuwa mtihani hubadilika, kukosea mara tatu nne mwanzoni huuteremsha chini, na kupanda tena hula maswali yaliyobaki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudia mtihani, na hapa utaratibu uko upande wake. Baada ya jaribio la kwanza hufunguka sehemu ya mazoezi inayoonyesha mada zenye mapengo. Vyuo vingi huruhusu majaribio hadi matano kwa jumla, humtaka mtu afanye saa kadhaa za mazoezi kabla ya kurudia, na huweka saa 48 kati ya jaribio na jaribio. Wiki moja ya mazoezi ya saa mbili kwa siku inamtosha mtu wa Advance kuvuka 76. Afanye kwenye kompyuta, si simu, akiwa na karatasi na kalamu, mahali ambapo mtandao haukatiki. Asitafutiwe majibu na kaka yake: vyuo vingine humtaka mwanafunzi arudie jaribio la mwisho chini ya usimamizi, na hata visipomtaka, alama ya kuazima itamuumbua kwenye jaribio la wiki ya nne.

Kuvuka 76 lakini kunamfungulia Kalkulasi I tu. Je, hapo ndipo mahali pake?

Jibu haliko kwenye ALEKS. Liko kwenye silabasi ya Advance na kwenye karatasi zake mbili, 142/1 na 142/2, za saa tatu kila moja. Kalkulasi I ya Marekani ni vikomo, difrensiesheni na matumizi yake, halafu mwanzo wa integresheni. Yote hayo Form Six ameyafanya, na amepita mbele. Kalkulasi II ni mbinu za integresheni (kubadili kigezo, integresheni kwa sehemu, sehemu ndogondogo), mijao ya maumbo yanayozungushwa, urefu wa tao, milinganyo rahisi ya difrensieli, koodinati za polar, na mwishoni mfululizo wa namba zisizo na kikomo pamoja na Taylor na Maclaurin. Sehemu kubwa ya orodha hiyo imo kwenye Advance. Kinachokosekana ni vitu viwili, na vyote vizito: integrali zenye mpaka usio na mwisho, na vipimo vya kujua kama mfululizo unafikia jumla maalumu au unakua bila mwisho. Form Six hukunjua Maclaurin ya e^x hadi kwenye x^4 na kuchukua alama zake. Haulizwi ni kwa thamani zipi za x mfululizo huo una maana.

Njia ya haraka ya kuthibitisha hili ni mtihani wa kujipima wa dakika 45, bila kikokotoo. Mpe maswali saba:

1. Tafuta dy/dx ya y = x^x.
2. Tafuta integrali ya x² ln x.
3. Zungusha y = √x kuzunguka mhimili wa x, kuanzia 0 hadi 4. Mjao ni kiasi gani?
4. Tatua dy/dx + y/x = x.
5. Integrali ya 1/x² kuanzia 1 hadi pasipo na mwisho ina thamani gani?
6. Je, jumla ya n/2^n, kwa n = 1, 2, 3 na kuendelea, inafikia namba maalumu?
7. Na jumla ya 1/(n ln n), kuanzia n = 2?

Mwanafunzi wa B ya Advance aliyejikumbusha kidogo atamaliza manne ya kwanza ndani ya dakika 20. La tatu atatoa 8π, la nne y = x²/3 + C/x. Swali la tano litamkwamisha kidogo, kisha ataweka herufi badala ya alama ya kutokuwa na mwisho na kufika kwenye 1. La sita atakisia. La saba ndilo la kuangalia kwa makini. Wengi huandika kwamba jumla inafikia namba maalumu "kwa sababu vipande vinaelekea sifuri". Hilo ni kosa. Vipande kuelekea sifuri ni sharti tu, hakutoshi. Integrali ya 1/(x ln x) ni ln(ln x), nayo hupanda bila kikomo, ingawa polepole mno, kwa hiyo jumla nayo haina mwisho. Anayeandika kosa hilo hajui Kalkulasi II yote, hata kama anajua theluthi mbili zake.

Aliyepatia manne ya kwanza na kukwama kwenye mawili ya mwisho, mahali pake ni Kalkulasi II. Aliyekosa mawili kati ya manne ya kwanza arudi Kalkulasi I bila aibu. Mwaka na zaidi bila daftari si mchezo. Aliyepatia yote saba na kueleza sababu anaweza kuomba Kalkulasi III.

Hapa wapo wanaobisha. Kalkulasi III ni vekta, derivativu za sehemu na integrali za vigezo viwili na vitatu. Vekta na mwanzo wa derivativu za sehemu Advance inavigusa, na mfululizo hautumiki sana humo. Basi si aruke tu? Anaweza kufaulu, ndiyo. Tatizo ni kwamba deni la mfululizo hudaiwa baadaye, kwenye milinganyo ya difrensieli na hasa kwenye Analisisi (kozi inayothibitisha misingi ya kalkulasi), ambako mwalimu hana muda wa kulifundisha upya. Tena bila krediti ya Kalkulasi II kwenye rekodi, msajili anaweza kumdai kozi hiyo mwaka wa mwisho. Tungemwambia aruke moja, si mbili.

Kuna pia ushauri unaopendwa sana na kaka na dada waliotangulia: chukua Kalkulasi I, piga A, jenga wastani wa alama. Una mantiki yake kama ufadhili unategemea wastani wa mwaka wa kwanza. Lakini mtu anayeijua kozi kwa asilimia 90 huacha kuhudhuria, hukosa mazoezi ya kila wiki ambayo huko ni sehemu ya alama, na kuambulia B kwenye kitu alichokifanya Form Five. Alizoea mfumo ambamo mtihani wa mwisho ndio kila kitu. Huku kazi za nyumbani, majaribio ya katikati mawili au matatu na mtihani wa mwisho hugawana alama, na mtihani wa mwisho mara nyingi hauzidi theluthi.

Sasa, mlango wa Kalkulasi II unafunguliwaje wakati mfumo unasema Kalkulasi I? Njia ni tatu na zinaweza kwenda pamoja. Ya kwanza ni krediti ya ACSEE, yaani ya matokeo ya Form Six. Vyuo vingine hutoa krediti kwa masomo ya principal kama vinavyofanya kwa A-level ya Cambridge. Vingine havina jina la ACSEE kwenye orodha na humwacha mshauri aamue. Ya pili ni mtihani wa CLEP wa kalkulasi, unaompa mtu krediti bila kuisoma kozi: maswali 44 kwa dakika 90, yakigawanywa sehemu mbili, 27 kwa dakika 50 bila kikokotoo na 17 kwa dakika 40 ambamo kikokotoo cha grafu kinapatikana. Alama ni kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kwa krediti nne. Unahusu mambo ya Kalkulasi I, kwa hiyo kwake ni mtihani wa kujikumbusha. Aulize kwanza kama chuo chake kinaukubali kwa wanaosoma hisabati kama mchepuo, maana vingine vinakataa. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anaruhusiwa kuingia nchini hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, na hizo ndizo siku za kuufanya. Njia ya tatu ni mtihani wa idara yenyewe, au kibali cha mkuu wa programu ya shahada ya kwanza.

Kwa njia ya kwanza na ya tatu, barua pepe inayosema "nilisoma Advance" haitoshi. Anayeipokea hajui Advance ni nini, na akisikia sekondari anafikiria aljebra. Aambatishe cheti au matokeo rasmi, kurasa za silabasi zenye mada za difrensiesheni, integresheni na milinganyo ya difrensieli, na nakala ya karatasi zote mbili za mwaka aliofanya. Juu yake aweke ukurasa mmoja: upande wa kushoto mada za Kalkulasi I na II kama zilivyo kwenye katalogi ya chuo, upande wa kulia namba ya swali la NECTA linalogusa mada hiyo. Mbele ya vipimo vya mfululizo aandike wazi "sijasoma". Pengo lililokubaliwa humfanya msomaji aziamini safu zilizobaki. Ombi liwe moja: ruhusa ya kujisajili Kalkulasi II muhula wa Agosti. Litumwe Julai mwanzoni, kabla madarasa hayajajaa.

Haya yote ni kwa mtu wa Advance. Aliyesoma BAM (hisabati ya subsidiary) pembeni ya PCB au CBG amegusa difrensiesheni na integresheni kwa juu, na Kalkulasi I ni mahali sahihi kwake. Wa KCSE kutoka Kenya ameona difrensiesheni na integresheni za polinomia tu; naye aanze Kalkulasi I. Wa UACE ya Uganda mwenye hisabati kama somo la principal anafanana sana na wetu.

Turudi kwenye mchepuo, maana hapo ndipo inapoonekana kwa nini mihula miwili ni kitu kikubwa. Kozi za hisabati hushikana mkono. Akikubali Prikalkulasi Agosti ya mwaka wa kwanza, Kalkulasi I inakuwa Januari, Kalkulasi II Agosti ya mwaka wa pili, Kalkulasi III na aljebra linia Januari, kozi ya uthibitisho (kuandika hoja za kuthibitisha nadharia) Agosti ya mwaka wa tatu. Analisisi sehemu ya kwanza katika idara nyingi hufunguliwa Agosti tu, kwa hiyo inaangukia mwaka wa nne. Maombi ya PhD ya hisabati hufungwa Desemba au mapema Januari. Atakuwa anaomba bila alama hata moja ya Analisisi kwenye transkripti, akishindana na watu walioimaliza mwaka wa pili. Akianza Kalkulasi II, Analisisi inamfikia Agosti ya mwaka wa pili.

Anayetaka kusomea hisabati halisi (pure mathematics) hadi uzamivu, basi, kosa la kupangiwa humgharimu sana. Mchepuo huo hudai Analisisi na aljebra dhahania, ikiwezekana mihula miwili kila moja. Na hapa tahadhari: wepesi wa kukokotoa haumwandai mtu kwa kozi ya uthibitisho. Mada ya lojiki ya Advance ni majedwali ya kweli na uongo, si kuandika hoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu wa A za kalkulasi hupata C hapo na kudhani amerogwa. Aichukue kozi hiyo Januari ya mwaka wa kwanza, ajue mapema kama anaipenda kazi yenyewe, kabla ya kujifunga.

Anayelenga bima na pensheni anaangalia akchuari. Mtihani wake wa kwanza wa kitaalamu kwa wengi ni Exam P wa SOA, chama cha maakchuari cha Marekani, maswali 30 ya kuchagua kwa saa tatu, wote ni nadharia ya uwezekano. Zamani ndani yake kulikuwa na integrali maradufu za Kalkulasi III; sasa mgawanyo wa vigezo viwili umebaki kwa vigezo vya kuhesabika (discrete) tu, ila kozi ya uwezekano chuoni mara nyingi bado huzidai integrali hizo. Akiwa na Kalkulasi III mwezi Mei wa mwaka wa kwanza na kozi ya uwezekano Agosti, anaweza kuufanya kabla ya mafunzo kazini ya kiangazi cha mwaka wa pili. Aliyeanza na Prikalkulasi atachelewa kufika huko.

Takwimu na hisabati tumizi zinasamehe zaidi ucheleweshaji, ila zinadai programu za kompyuta mapema. R au Python asiziache hadi mwaka wa tatu. Ualimu wa hisabati ni jambo la pekee: unampeleka kwenye leseni ya jimbo husika na muhula mzima wa mazoezi ya kufundisha, vitu visivyo na kazi kubwa kwa anayepanga kurudi nyumbani, ambako TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ndiyo itakayotazama ulinganifu wa shahada yake. Pia msimbo wake wa fani, 13.1311, uko kundi la elimu na si kundi la 27 la hisabati na takwimu, na msimbo ndio unaotazamwa kwenye nyongeza ya miezi 24 ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo) kwa fani za sayansi. Auangalie kwenye orodha rasmi kabla ya kutia saini.

BA au BS? BS ina kozi nyingi zaidi za hisabati na mara nyingi sayansi ya maabara. BA hudai lugha ya kigeni, na vyuo vingi humsamehe anayethibitisha ujuzi wa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Kiswahili chake cha Form Four kinaweza kumwokolea kozi kadhaa. Ajaze BS kwa sasa; kushuka kwenda BA ni rahisi kuliko kupanda.

Ratiba ya Agosti tungeipanga hivi: Kalkulasi II krediti 4, aljebra linia 3 (chuo kikiiruhusu sambamba), programu za kompyuta 3, uandishi wa Kiingereza 3, na kozi moja ya jumla 3. Jumla 16. Namba hiyo ina sababu. Mwanafunzi wa F-1 anatakiwa kubaki na krediti 12 kila muhula. Akiwa na 13, hana kozi ya kuacha. Akiwa na 16, Kalkulasi II ikimshinda kabisa anaweza kuiacha na kubaki na 12 kamili.

Dirisha la kubadilisha kozi hufungwa wiki ya kwanza au ya pili, wakati jaribio la kwanza huja wiki ya nne au ya tano. Asilisubiri jaribio limpe habari. Wiki ya kwanza afanye seti mbili za mazoezi ya nyumbani na kuhesabu: zikimchukua zaidi ya saa sita kila moja kwa mada ambazo Advance ilizifundisha, aende Kalkulasi I kabla dirisha halijafungwa. Likishafungwa na mambo yakaharibika, asijiondoe mwenyewe kwenye mtandao hadi akashuka chini ya 12. Kanuni za uhamiaji zinataja waziwazi kupangiwa kozi ya kiwango kisichofaa kuwa moja ya sababu za kuruhusiwa mzigo mdogo, kwa sharti abaki na angalau krediti 6, muhula unaofuata arudi kwenye mzigo kamili, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iidhinishe kabla ya kozi kuachwa. Akiiacha Jumatatu na kwenda ofisini Jumanne, hali yake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, tayari iko matatani.